Ufagio Ukome Penye Kokoa

Vijana wa kituo cha utafiti, mliniaga kwa keki na hotuba tatu. Katika hotuba zote tatu nilisifiwa kwa mambo ambayo mtu yeyote mwenye afya na saa ya mkononi angeyatimiza: kuwahi kazini, kutopoteza funguo za stoo, kufikisha miaka hamsini na mitano nikiwa na meno yangu. Siku ile sikusema kitu, kwa kuwa keki ilikuwa nzuri. Sasa nimeketi barazani kwangu Mbugani, nimestaafu kwa hiari, nami ninaandika yale ambayo hotuba hazikuyagusa. Vyeo sitavitaja. Nitaeleza kosa nililolifanya nikiwa bwana shamba, jinsi ubao wa misumari na nyuzi ulivyonifunulia kosa hilo, na jinsi shamba la mjane mmoja wa Talatala lilivyoponea chupuchupu kukatwa kwa sababu yangu.

Nilizaliwa Ikolo, katika nyumba ambayo ufagio ulikuwa na heshima iliyokaribia ile ya Biblia. Mama yangu aliamka kabla ya kuku. Aliufagia ua mpaka alama za ufagio zikaonekana kama mistari ya daftari, na mtoto aliyeikanyaga mistari hiyo kabla majirani hawajaiona alijua kilichomngoja. Kwetu Wanyakyusa mgeni huutazama ua kwanza, kisha ndipo huitikia salamu. Ni desturi njema, wala sikusudii kuibeza. Kosa langu ni kwamba niliichukua desturi ya uani nikaipeleka shambani, bila kuliuliza shamba lenyewe lina desturi gani.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa baiskeli, panga, buti ambazo moja ilikuwa namba nane na ya pili namba tisa, na agizo moja: mashamba ya kokoa yawe safi. Hakuna aliyenieleza maana ya usafi, wala sikuuliza, maana nilidhani mama alikwisha kunifundisha. Nikapita Talatala na Ikolo nikiamuru magogo ya migomba iliyovunwa yabebwe na kutupwa mbali, majani makavu yachomwe, maganda ya kokoa yaliyopasuliwa yasionekane. Wakulima walinielewa upesi kuliko mwalimu yeyote anavyoeleweka, kwa sababu niliwaambia jambo ambalo mama zao walikwisha kuwaambia. Jihadharini na mafundisho yanayokubaliwa upesi namna hiyo. Nilianzisha hata mashindano ya shamba safi, na mshindi wa kwanza akawa Mama Subilaga wa Talatala. Mumewe alikuwa hai bado. Zawadi ilikuwa reki mpya ya chuma.

Aliipokea kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo. "Bwana Shamba, hii simwazimi mtu."

"Usimwazime," nikamjibu. "Itumie."

Aliitumia. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo chetu cha utafiti, chini ya Daktari Atupele. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mtaalamu wa sisimizi, aliyevaa buti za mvua hata kiangazi na kugawa maneno kama mtu agawaye dawa. Hakunipeleka ofisini. Alinipa kigoda, lenzi ya mkononi na daftari, akanionyesha mkokoa mmoja nyuma ya stoo. Ua la kokoa, kwa msomaji asiyelijua, halizidi kifungo cha shati. Huota moja kwa moja kwenye shina, likainamisha uso chini kama mwali. Lisipochavushwa, kesho yake au keshokutwa huanguka, na tunda lake huwa limeishia hapo.

"Andika kila kinachogusa ua," aliniambia, akaondoka.

Nilikaa tangu saa nne asubuhi hadi saa saba. Niliandika sisimizi. Niliandika nyuki mmoja aliyepita akielekea kwenye michungwa. Kisha, kwa kuwa njaa ilikuwa imenikaba na nilitaka kuonekana mtu wa uamuzi, nikaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA MCHAVUSHAJI.

Alipolisoma daftari aliniuliza, "Ulianza saa ngapi?"

"Saa nne, Daktari."

"Ua linafunguka saa ngapi?"

Sikujua.

"Bwana Lugano, ukurasa huu una uongo."

"Uongo upi, Daktari? Nimeandika nilichokiona."

"Ungekuwa umeandika ulichokiona, ungeandika 'sikuona'. Umeandika 'hakuna'. Anayesema 'sikuona' kesho atarudi kutazama. Anayesema 'hakuna' amefunga mlango, na mwenzake amemfungia nje."

Nilikasirika kwa siku nzima. Baadaye nililikata neno 'hakuna' katika madaftari yangu yote ya kazi, na wale niliowafundisha wanakumbuka kwamba sikuwahi kumsamehe aliyelitumia. Mtafiti mvivu huweza kukiangamiza kiumbe kwa kalamu kabla sumu haijakifikia.

Kesho yake nilikuwa kwenye kigoda saa kumi na moja alfajiri. Umande ulikuwa ukidondoka na ukungu wa ziwa haujapanda. Mwanga ulipotosheleza kusoma, nililala chali chini ya shina na kuelekeza lenzi juu, kwenye ua lililokuwa limetoka kufunguka. Nikauona usubi: kijidudu chenye mabawa, kidogo kuliko kichwa cha pini. Kiliingia ndani ya petali iliyojikunja kama kofia, kikapotea, kikatoka na chavua mgongoni, kikaruka hadi ua la pili. Niliogopa kupumua nisije nikakipeperusha. Kwa muda wote nilioishi kati ya kokoa, na miaka yote niliyowaamuru wenye kokoa, sikuwa nimewahi kumwona mfanyakazi huyu ambaye wote tulikula kwa jasho lake.

Sasa nieleze ubao. Leo kompyuta hufanya kazi hiyo kwa dakika, na ninyi hubonyeza kitufe bila kujua mnachokibonyeza. Sisi tulikuwa na ubao wa plaiwudi wenye upana wa mlango. Kila kiumbe tulichokikuta shambani kilipigiliwa msumari wake: mkokoa, mgomba, sisimizi, nyuki, buibui, mjusi, hadi ukungu uozeshao matunda. Kila tulipomwona mmoja akimtegemea mwingine tulifunga uzi kati ya misumari yao: mwekundu kwa anayemla mwenzake, wa kijani kwa anayechavusha, mweusi kwa anayepata kwa mwenzake makao au mahali pa kuzalia. Hatukufunga uzi kwa kubahatisha. Ilibidi uwe umeonekana kwa macho, umeandikwa tarehe na saa. Baada ya misimu miwili ubao ukawa mtandao uliosongamana, na mtu wa stoo akawa anauliza kama tumeanza kusuka makuti.

Faida yake ilikuwa hii. Orodha ya viumbe hukuambia nani yupo. Mtandao hukuambia nani akiondoka nani ataanguka.

Usubi ulikuwa na uzi wa kijani uendao kwenye mkokoa, lakini hatukujua unazaliana wapi. Daktari akaniagiza nichukue kila kitu kilichooza shambani, kila kimoja nikitie katika ndoo yake, niifunike kwa kitambaa cheusi na kutoboa tundu moja juu, na hapo nifunge chupa angavu. Kitakachozaliwa ndani kitafuata mwanga na kuingia chupani. Kwa wiki tatu stoo ilinuka kiasi kwamba mlinzi aliomba likizo. Chupa zilizojaa usubi zilikuwa za ndoo zenye vipande vya magogo ya mgomba yaliyooza, zikifuatiwa kwa mbali na zile za maganda ya kokoa.

"Piga msumari wa gogo lililooza," Daktari aliniambia.

"Daktari, gogo lililooza si kiumbe. Ni takataka."

"Kwa nani?"

Nikapiga msumari. Nikafunga uzi mweusi kutoka kwenye gogo hadi kwenye usubi. Ndipo akafanya jambo alilolipenda kufanya mtandao ulipokamilika: kung'oa misumari, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiurudisha kabla ya kung'oa unaofuata, ili aone nyuzi zipi zitalegea. Alimng'oa mjusi, hapakutikisika kitu. Alimng'oa nyuki, nyuzi mbili zikalegea pembeni, mkokoa ukabaki imara. Kisha akaushika msumari wa gogo lililooza na kuuvuta. Uzi mweusi wa usubi ukalegea. Kwa kuwa usubi haukubakiwa na pa kuzalia pa maana, nao akaung'oa, na uzi wa kijani wa mkokoa ukaning'inia hewani kama kamba ya ng'ombe aliyeibiwa.

Mimi nilikuwa nimeketi, nikiutazama msumari mkononi mwake. Nilijua aliyekuwa akiung'oa huko mashambani kwa miaka yote ile. Alikuwa na buti namba nane na namba tisa.

Wiki iyo hiyo nilisikia habari za Mama Subilaga. Mumewe alikuwa amefariki, na kokoa yake haikuzaa tena. Ilichanua vizuri, maua yakapukutika, na sasa shemeji yake, Ambakisye, mdogo wa marehemu, alikuwa amemtafuta mtu wa msumeno aje aikate ili wapande michikichi. Shamba lilikuwa la ukoo, na mjane asiye na mazao hana sauti kubwa ukooni. Kokoa ikikatwa, angebaki mpishi katika nyumba aliyoijenga.

Nilikwenda Talatala kwa baiskeli. Ua ulikuwa umefagiliwa kama kawaida, na baada ya ua, bila kituo, ufagio ulikuwa umeendelea hadi chini ya kila mkokoa. Ardhi ilikuwa tupu na ngumu kama sakafu ya kanisa. Reki yangu ilikuwa imeegemezwa ukutani, meno yamelika.

"Mugonile, Bwana Shamba," alinisalimu. Hakukubali kamwe kwamba nilibadilisha kazi. "Umekuja kutoa zawadi nyingine?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mama. Mimi ndiye niliyeua mazao yako."

Ambakisye alikuwa ameketi kizingitini akinoa panga. Akainua kichwa. "Sema tena, nisikie vizuri."

Nikasema tena, nikaeleza habari za usubi na magogo. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu iliyonitia wasiwasi.

"Kwa hiyo," akasema, "mwaka ule ulituletea reki. Mwaka huu unatuletea takataka. Mwakani utatuletea nini, nguruwe?"

"Mwakani nitaleta kikapu cha kubebea kokoa."

"Shemeji, msikie. Anatania kama mtu aliyeshiba." Akanigeukia. "Na ugonjwa? Matunda meusi yale? Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba uchafu unayaozesha."

Hapo alikuwa na haki, na mtu akiwa na haki mpe haki yake hata kama anakutukana. Ubao wetu ulikuwa na uzi huo pia: tunda bovu huambukiza zima. Nikamwambia matunda meusi yachumwe kila wiki na kufukiwa mbali. Tunachokirudisha ni magogo ya mgomba, majani, na maganda ya matunda mazima. Nikaomba muda hadi mpunga uvunwe. Shamba ligawanywe kwa njia iendayo kijitoni: upande mmoja ufagiliwe, upande wa pili uachwe uoze.

"Upande wa kuoza nachagua mimi," alisema Ambakisye.

Alichagua wa chini, wenye miti mikongwe, ambao kwa misimu miwili ulikuwa haujatoa hata kikapu. Nilikubali. Tukapeana mikono.

Aliyekuwa mgumu kuliko Ambakisye ni Mama Subilaga mwenyewe. "Unajua watakachosema?" aliniuliza alipobaki peke yake nami. "Watasema tangu afiwe, Subilaga amekuwa mvivu. Mama mkwe wangu bado yu hai. Anapita njia hii kwenda kanisani."

"Mwambie ni agizo la serikali."

"Atasema na wewe mama yako hakukulea."

Na ndivyo alivyosema bibi yule Jumapili iliyofuata, mbele yangu. Majirani nao hawakulala. Mmoja alimwuliza Mama Subilaga kama amepangisha shamba kwa fisi. Mwingine alimletea ufagio mpya, akauweka mlangoni bila neno, na hilo likamuuma kuliko matusi. Mara mbili nilimkuta amesimama mpakani, reki mkononi, akiyatazama majani yaliyooza kwa uso wa mtu aliyefunga anayetazama chakula. Hakuvuka. Nimefanya kazi na wasomi wenye shahada ndefu ambao hawakuwa na uadilifu wa mama yule: jaribio lilimdhalilisha kila siku, wala hakuliharibu hata siku moja.

Mvua zikanyesha, kijito kikafurika na kurudi. Kila wiki nilikuja na lenzi alfajiri. Upande uliofagiliwa niliandika, mara nyingi, 'sikuona'. Upande wa chini nilianza kuandika usubi, kisha usubi tena, kisha nikaishiwa na nafasi katika safu. Vitunda vidogo kama vidole vya mtoto vikajitokeza kwenye mashina. Sikumwambia mtu. Vitunda vingine hunyauka vikiwa vichanga, na furaha ya mapema ni uongo wa namna nyingine.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, siku ya kuhesabu ikafika. Daktari Atupele alikuja na buti zake. Ambakisye alisema hataamini hesabu ya mtu wa kituo, atahesabu mwenyewe. Tukakubaliana kwamba kila tunda lifungwe utepe, ili lisihesabiwe mara mbili. Mama Subilaga akachana kitenge kikuukuu vipande vyembamba, akavigawa mafungu mawili sawa, kila upande fungu lake.

Ambakisye alianzia juu, penye ardhi iliyofagiliwa. Alimaliza upesi, akarudi na nusu ya tepe mkononi. Akachukua fungu la pili, akashuka chini ya njia, akazama kati ya majani.

Tulingoja. Mama Subilaga alichambua mchele ambao hakuwa akiutazama. Daktari alikuwa akifuatilia msafara wa sisimizi ukutani. Mtu wa msumeno, aliyekuwa ameitwa siku hiyo kwa tahadhari, alikula ndizi ya tatu.

Hatimaye Ambakisye akatokea, magoti yamejaa matope na buibui mmoja kichwani. Mikono ilikuwa mitupu.

"Shemeji," akasema, "una kitambaa kingine?"

Mama Subilaga akaweka ungo chini. "Vimekwisha?"

"Sijafika hata katikati."

Kitambaa kingine hakikuwapo karibu. Akavua shati lake la kazini, akalichana pale pale, akarudi bondeni kifua wazi. Shati nalo likaisha. Tukamalizia kwa nyuzi za kijani nilizokuwa nazo mfukoni, zile za ubao.

"Andika," Daktari aliniambia. Ndilo neno pekee alilolisema siku nzima, na katika utumishi wangu sijapata kusifiwa zaidi ya hapo.

Mtu wa msumeno alirudi kwao ameshiba ndizi. Kabla ya jioni Ambakisye alikuwa amekata magogo matatu ya mgomba na kuyaburuta mwenyewe hadi upande wa juu. Bibi, mama mkwe, alikuja kutazama, akalizunguka shamba lote kwa fimbo yake, akarudi uani.

"Ndaga fijo," alimwambia mkwe wake, yaani asante sana. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, ungemwambia mapema."

Ni kweli. Ndiyo sababu, baada ya msimu wa pili kuthibitisha wa kwanza, niliomba nafasi katika mkutano wa wakulima hapa Mbugani, nikasimama mbele ya watu niliowapa amri na zawadi, nikawaambia kwa jina langu kwamba nilikosea, wapi, na kwa nini. Wenzangu walinishauri niseme "utaalamu umebadilika". Utaalamu haujipandishi baiskeli kwenda Talatala. Watu walicheka, kisha wakauliza maswali hadi mwenye ukumbi akatutoa. Mwalimu asiyeweza kusema "nilikosea" asishangae wanafunzi wakiacha kumsikiliza hata anapokuwa sahihi.

Wiki iliyopita, nikiwa sasa raia wa kawaida, nilitembea kwa miguu kwenda kumsalimu Mama Subilaga. Shamba limeandikwa jina lake, kwa uamuzi wa ukoo, na aliyetoa hoja ni Ambakisye. Ua ulikuwa na mistari ya ufagio iliyonyooka, mizuri kama ya mama yangu. Nikaifuata kwa macho hadi mkokoa wa kwanza. Hapo, hatua moja kabla ya shina, mistari ilikoma, kama mtu aliyefika mlango wa nyumba isiyo yake. Ng'ambo yake kulikuwa na giza la majani, magogo meusi yanayomomonyoka, na matunda ya njano na mekundu yaliyoshikamana na shina toka chini hadi juu.

Nilirudi kwa njia ya Ikolo, nikichungulia nyua za watu bila haya. Ua wa kwanza ulikuwa safi, ufagio umekoma penye kokoa. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, msichana nisiyemfahamu alikuwa akifagia. Alipofika mpakani aliinua ufagio, akageuka, akaanza mstari mwingine. Hakujua mimi ni nani, wala hapakuwa na haja. Nikaendelea na safari yangu, na baada ya ua wa kumi nikaacha kuhesabu.